Bwana Fisi na Kiti cha Nyuma

Hapo kale, si kale sana, maana magari yalikwishakuwepo na fisi alikuwa bado na mgongo ulionyooka kama wa punda, mvua iliruka Bonde la Kisasamba. Haikuchelewa, iliruka. Ilinyesha kulia, ikanyesha kushoto, na pale katikati ikapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Bwawa likawa tope, tope likakauka likawa vigae, na viboko wakahama bila kuaga.

Maji yalibaki mahali pamoja tu, Chemchemi ya Mwandu, ng'ambo ya milima. Mwenye miguu mizima angefika kwa kutembea. Asiye nayo angebaki, na kubaki Kisasamba kiangazi kile kulikuwa na maana moja tu, ambayo hakuna aliyependa kuisema mbele ya watoto.

Bi Ngiri alikuwa na miguu mizima. Shida yake haikuwa miguu yake. Alikuwa na watoto wanne ambao wasingeweza kuvuka hata kilima kimoja, na mama mkwe wake, Bi Mkubwa, muwele wa magoti, ambaye kusimama kwake kulikuwa safari nzima. Mumewe alitoka msimu uliopita kutafuta mizizi, akasahau njia ya kurudi. Ukoo wote ulikuwa hivyo. Ngiri humkimbia simba kwa nguvu zake zote, halafu katikati ya mbio akasimama kujiuliza, "Hivi mimi nilikuwa nakimbia nini?" Na Bi Ngiri aliwazidi wote. Watoto wake watatu aliwaita Kijino, Kipara na Machicha. Wa nne naye alikuwa na jina, tena jina zuri, ila mama yake alikuwa amelisahau. Alimwita "wewe mwanangu," na mtoto, kwa adabu, hakuwahi kumsahihisha.

Kwa sababu hiyo bonde zima lilimgeuza Bi Ngiri kuwa shimo la kutupia siri. Aliyeshindwa kubeba siri yake alikwenda kwa Bi Ngiri, akaketi, akasema, "Bi Ngiri, nina neno," akalitua, akarudi kwake mwepesi. Bi Ngiri alisikiliza kwa huruma, akashangaa panapostahili, akatokwa na machozi panapostahili, kisha akauliza, "Ulikuja kunieleza nini vile?" Hapakuwa na mnyama Kisasamba ambaye hakuwahi kumtembelea.

Sasa, pembeni ya bonde palikuwa na kambi ya wageni wa mjini. Kisima cha kambi kilipokauka, wageni walipanda ndege wakaondoka, wakaacha mahema, masufuria, pipa moja la petroli na magari mawili. La kwanza lilikuwa dogo lakini limenyanyuka, lenye milango minne na wa tano nyuma. Watu wa mjini huliita krosova. La pili lilikuwa jekundu, refu, limelala chini, lenye milango miwili tu na paa linaloteremka kwa nyuma. Hilo wenyewe huliita kupe.

"Kupe?" alisema Nyumbu aliposikia. "Ninao wa kutosha." Akaondoka zake kwa miguu siku hiyo hiyo.

Petroli ilitosha gari moja. Mzee Simba, mwenye bonde, akaita baraza. Dereva alikwishapatikana, naye ni Sungura, aliyejifunza kazi hiyo kwa kuwachungulia madereva wa kambi dirishani. Yeye angekalia sufuria iliyopinduliwa na kushika usukani, na Kobe angekaa kule chini kwenye miguu akikanyaga atakachoambiwa. Lililobaki ni kuchagua gari.

"Mpaka tufike Mwandu asiliwe mtu," alisema Mzee Simba. "Hiyo ni amri. Wenye miguu watatembea. Gari ni la watoto, wazee, wagonjwa, na mimi."

"Kwani Mzee unaumwa?" aliuliza Sungura.

"Mimi ni mkubwa. Kiti cha mbele ni changu katika gari lolote, kwa hiyo sina la kuchagua. Atafutwe mtu wa kupima nafasi ya nyuma."

Bwana Fisi alikuwa amesimama kabla sentensi haijaisha. "Mimi, Mzee! Nimeyazunguka magari yale siku nyingi. Hata matairi yake nimeyaonja."

Hapakuwa na mwingine aliyewahi kuonja gari, basi kazi akapewa yeye. Upimaji ukapangwa asubuhi ya pili yake.

Alasiri ile Bi Ngiri alikuwa akilitafuta shimo lake mwenyewe, kama kawaida yake, akajikuta kambini. Milango ya krosova ilikuwa wazi, na nusu ya nyuma ya Bwana Fisi imejitokeza nje. Alikuwa ameinama, anavuta chuma fulani chini ya kiti cha mbele. Krrr! Kiti kikateleza nyuma mpaka kikakigusa kiti cha pili, na pale pa kuweka miguu pakafa. Kisha Fisi akabeba magodoro ya kambi akayasokomeza kwenye buti, moja baada ya jingine, akisukuma kwa makalio. Alipomaliza akaenda kwenye kupe, akavuta chuma kama kile, akasukuma kiti cha mbele mpaka kikabusu dashibodi. Nyuma pakawa peupe.

"Hodi, Bwana Fisi," alisema Bi Ngiri.

Fisi aliruka akagonga kichwa kwenye paa. Alipoona ni nani, pumzi ikamrudi.

"Ah, ni wewe, shemeji! Nilidhani ni mtu."

"Ni mimi. Unafanya nini?"

Bwana Fisi angeweza kudanganya, na kwa kudanganya hakuwa na mpinzani. Lakini siri ilikuwa imemjaa tumboni, tamu, inataka kutoka, na mbele yake limekuja shimo la siri kwa miguu yake lenyewe.

"Keti, Bi Ngiri," alisema. "Nina neno."

Bi Ngiri akaketi.

"Unaliona hili la juu, hili krosova? Lina nafasi. Watoto wako wote wanaenea, na mama mkwe wako, na magoti yake. Ndiyo maana nimelisonga, kesho lionekane halina kitu. Na hili jekundu, kiti cha mbele ukikisogeza, nyuma panaonekana uwanja. Mzee atalipenda. Petroli itamiminwa humu, na petroli ikishamiminwa haizoleki. Siku ya safari Mzee atanyoosha miguu, kiti kitarudi, na kule nyuma hakitaenea hata kipanya. Basi watoto na wazee watabaki."

"Masikini! Watabaki na nani?"

"Na mimi! Nitajitolea kuwatunza." Bwana Fisi akajilamba mpaka puani. "Nitaanza na wanene."

Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, chembamba, kikipanda kama ndoo inayovutwa kisimani, na kule juu kikakatika kwa kwikwi. Kilimwingia Bi Ngiri masikioni kikamshuka mpaka mifupani.

"Na hiki chuma," alimalizia Fisi akifuta machozi, "usimwonyeshe mtu."

"Chuma kipi?"

"Hiki cha chini ya kiti. Ukikivuta, kiti kinateleza."

"Nimeelewa," alisema Bi Ngiri, akaondoka taratibu mpaka alipopita mahema. Hapo akaanza kukimbia, mkia juu kama mlingoti.

Alijijua. "Nitasahau," alijiambia kwa woga, kwa kuwa waliotajwa ni wanawe, na kichwa alichonacho ndicho hicho hicho. Aling'oa unyasi mmoja, akaufunga kwenye jino lake refu ili umning'inie mbele ya macho na kumkumbusha. Akakimbia akirudia, "Fisi, kiti, watoto. Fisi, kiti, watoto." Alipopita kichuguu ikawa, "Kiti, watoto." Alipovuka mto mkavu ikawa, "Watoto." Mbele ya pango la Mzee Simba alisimama akihema, akaona unyasi mbele ya pua yake. Alikuwa hajala tangu jana. Akaula.

"Unasemaje, Bi Ngiri?" aliuliza Mzee Simba.

"Nime... nimekuja kukusalimu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba."

Akarudi nyumbani. Shimoni aliingia kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo, watoto wakamlalia kifuani. Alikuwa na huzuni kubwa isiyo na mwenyewe. Alimtazama yule mtoto wa nne, akalia, na hakujua analilia nini.

"Una nini, mke wa mwanangu?" aliuliza Bi Mkubwa kutoka kwenye kona yake.

"Sijui, Mama. Kuna kitu kinaniuma, ila sikikumbuki."

"Basi hakiumi sana," alisema Bi Mkubwa, ambaye naye alikuwa ngiri.

Asubuhi baraza likakusanyika kambini. Bwana Fisi alikuwa amejifunga shingoni kitambaa cha mezani, eti tai.

"Tuanze na hili la juu," alisema. "Nataka mwenye familia alijaribu. Bi Ngiri, karibu."

Bi Ngiri akaingia kinyumenyume. Wanyama wengine hutanguliza kichwa. Ngiri hutanguliza makalio, ili mlangoni yabaki meno. Makalio yakagonga kiti cha mbele, yakajipinda, yakakwama. Kijino akaingia nusu. Machicha akabaki nje analia.

"Mnaona wenyewe," alisema Fisi akitikisa kichwa kwa masikitiko. "Kwa nje bweni, kwa ndani kabati. Na buti lake, tazameni!" Akafungua mlango wa nyuma, magodoro yakamwangukia. "Limejaa hata kabla hatujapakia!" akasema kutoka chini ya magodoro.

"Hayo magodoro ni ya nani?" aliuliza Sungura.

"Yamezaliwa nalo."

Sungura akaanza kukuna sikio. Akakuna, akaendelea kukuna.

"Sasa, Mzee, njoo huku," alisema Bwana Fisi, na sauti yake ikapata mafuta. "Litazame hili jekundu. Mnyama gani hulala chini hivi huku kila mtu akimwogopa?"

"Simba," alisema Simba.

"Na hii rangi ni ya nini?"

"Ya nyama."

"Sungura, liwashe Mzee alisikie."

Sungura akaliwasha kwa matone yaliyobaki tangini. Kupe likanguruma mpaka vumbi likaruka, na manyoya ya shingo ya Mzee Simba yakasimama yenyewe. "Linanguruma," alisema kwa sauti ndogo, kama aliyekutana na ndugu yake. "Na lile jingine?"

"Lile linasema kama mbuzi mwenye mafua."

"Na nyuma je?" aliuliza Bi Ngiri. "Nina wanangu, nina Mama."

"Nyuma wanaenea sita, shemeji. Sita wazima. Wakikonda, saba." Bwana Fisi akajipenyeza nyuma ya kupe, akaketi, akapandisha mguu juu ya mguu. Na kweli nafasi ilionekana. Angeweza hata kuuchezesha mkia wake. Akafumba macho. "Jamani, nasinzia kwa raha."

Bi Ngiri alifurahi mpaka akawahesabu watoto wake upya, akapata wanne, akafurahi tena. Ile huzuni isiyo na mwenyewe ikatulia kidogo.

Bi Mkubwa akataka kujaribu naye. Lakini kupe halipandwi, kupe linashukwa. Aliinamisha kichwa, akapinda kiuno, akatafuta kiti kwa mguu kama avukaye mto akitafuta chini, magoti yakalia ko, ko, mpaka baraza likafumba macho kwa kumwonea huruma.

"Hiki si kiti, ni kisima," alisema akirudi nyuma. "Nikiingia humu mtanizika humu humu."

"Ni mazoea tu, Bi Mkubwa!" Fisi aliita kutoka ndani. "Mazoea!"

"Basi niketi mimi," alisema Mzee Simba, ambaye masikio yake bado yalikuwa kwenye mngurumo. "Nikiridhika, petroli imiminwe."

Kisasamba palikuwa na desturi moja ya siku nyingi. Mzee Simba akishaketi, hakuna anayemwomba ainuke, na aliye nyuma yake hatoki mpaka yeye ainuke kwa hiari yake. Desturi hiyo haikuwahi kumsumbua mtu, kwa sababu mpaka siku ile nyuma ya Simba hakukuwa na ukuta.

Simba akaingia mbele. Kiti kilikuwa kimebusu dashibodi, kwa hiyo magoti yake yakapanda mpaka kwenye masharubu na pua ikagusa kioo.

"Kiti kinanikumbatia vizuri," alisema kutoka katikati ya magoti yake. "Lakini hivi ndivyo kinavyokaliwa?"

"Ndio mtindo wa mjini, Mzee," alisema Fisi haraka. "Wakubwa wote hukaa hivyo."

Simba angekubali. Kuonekana mkubwa kulikuwa kumemgharimu zaidi ya magoti, siku nyingine. Lakini Bi Ngiri alimwonea huruma, na katika kumwonea huruma kitu kikamtekenya kichwani. Halikuwa wazo. Kilikuwa kitu kidogo tu, kama jiwe lililobaki baada ya maji kupita.

"Samahani, Mzee," alisema. "Chini ya kiti kuna chuma. Ukikivuta, kiti kinateleza."

"Nani kakwambia?"

"Sikumbuki."

"Bi Ngiri!" Fisi alipiga ukelele.

Krrr!

Kiti kikarudi nyuma na Simba mzima juu yake. Mguu wa Bwana Fisi uliokuwa juu ya mguu ukabaki hapo hapo, ila sasa ulikuwa pia juu ya tumbo, na goti likawa chini ya kidevu.

"Aaa," alisema Mzee Simba akinyoosha miguu mpaka vidole vikalia. "Sasa hili ndilo gari. Nyuma huko nafasi ipo?"

Bwana Fisi akafikiri haraka. Akisema haipo, kupe limekataliwa, na wale wanene wamekwenda zao Mwandu.

"Ipo, Mzee," alisema kwa sauti ya mbu. "Tele."

"Kama ni tele, acha nilale kidogo." Simba alikwishagundua chuma kingine pembeni. Mgongo wa kiti ukalala, na Mzee Simba akalala nao. Bwana Fisi alisukumwa nyuma, na nyuma lilikuwepo lile paa linaloteremka. Mgongo wake ulionyooka ukaanza kulifuata paa.

"Bado ipo?"

"I... po."

"Ya wote sita?"

"Sita... Mzee..."

Sungura akaacha kukuna sikio. "Kama ni sita, na waingie tuwaone," alisema. "Yeye mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Bi Ngiri, ingiza familia." Akakunja kiti cha dereva kufungua njia.

Bi Ngiri akaingia kinyumenyume. Makalio yake yakatafuta kiti, yakatafuta tena, yakaupata uso wa Bwana Fisi.

Ndipo Fisi akacheka. Si kwa kupenda. Fisi hakupewa kilio. Akifurahi hucheka, akiumia hucheka, sauti ni ile ile. Kicheko kikatoka chini ya Bi Ngiri, kirefu, chembamba, kikipanda kama ndoo inayovutwa kisimani, na kule juu kikakatika kwa kwikwi.

"Mnamsikia anavyostarehe!" alisema Mzee Simba kwa fahari. "Nimeridhika. Mimineni petroli!"

Nyati akaliinamisha pipa. Mdomo wa pipa ukagusa tangi la kupe.

Bi Ngiri alikuwa ameganda. Kicheko kile alikijua. Kilimshuka mpaka mifupani, na huko mifupani kikakuta mambo yamelala. Kwanza kikaamka kile chuma. Kisha yakaamka magodoro. Kisha ikaamka sauti ikisema, nitaanza na wanene.

"Simameni!" alipiga kelele. "Msimimine! Nimekumbuka!"

Neno hilo halikuwahi kusikika Kisasamba kutoka kinywani mwa ngiri. Nyati aliliachia pipa likasimama wima.

"Fisi alivisogeza viti jana!" alisema Bi Ngiri, meno nje, makalio bado usoni mwa mshitakiwa. "Lile la juu lina nafasi, yeye amelisonga. Humu hamna kitu. Anataka wanangu wabaki, na Mama abaki, halafu abaki nao yeye awale! Alinieleza mwenyewe, amekaa pale, anajilamba!"

"Mwongo!" ilisema sauti kutoka chini. "Ngiri hakumbuki kitu!"

"Nakumbuka! Nakumbuka yote!" Na kweli, mlango ulikuwa umefunguka na kila kilichotupwa humo miaka yote kikawa kinatoka. "Nakumbuka Sungura ndiye aliyekula asali ya Kobe, akasema nyuki wamekuja kuidai!"

Kobe akatoa kichwa chote nje ya gamba na kumtazama Sungura.

"Nakumbuka Pundamilia huipaka masizi mistari yake ikififia! Nakumbuka Nyati huota ndoto za kukimbizwa na kuku! Nakumbuka Mzee Simba, siku ile ya nungunungu, alipopanda juu ya—"

"Inatosha!" alinguruma Mzee Simba. "Tumekuamini!"

Baraza zima likasema kwa sauti moja kwamba limeamini kabisa, na kwamba Bi Ngiri asijichoshe.

Lakini Bi Ngiri alikuwa amekwishanyamaza. Alikuwa akimtazama yule mtoto wa nne, aliyesimama nje ya mlango wa kupe akingoja zamu yake ya kuingia, nafasi iwepo isiwepo.

"Na wewe mwanangu," alisema polepole, "unaitwa Kumbuka."

"Naam, Mama," mtoto akaitika, kana kwamba huitwa hivyo kila siku. Bi Ngiri akanyoosha mikono nje ya mlango wa kupe, akamkumbatia kwa nguvu hata meno yake marefu yakamzunguka kama ua, akalia, na safari hii alijua analilia nini.

"Fisi," alisema Simba bila kugeuka. "Ni kweli?"

"Mzee, inuka kwanza, nitaeleza!"

Baraza likashika midomo. Kumwomba Simba ainuke!

"Umesemaje?"

"Nafasi hamna, Mzee!" Bwana Fisi alilia, yaani alicheka. "Sita ni uongo! Wawili ni uongo! Humu nyuma haenei hata mmoja, labda aje bila mkia! Inuka, baba, nakufa!"

Mzee Simba akainuka kwa wakati wake. Alisimama nje akijikung'uta, na kwa kitambo hakumtazama mtu. Alikuwa amesema yeye hana la kuchagua, kiti chake kipo katika gari lolote, na kwa neno hilo nusura watoto wanne na bibi yao waliwe. Hakuomba radhi, maana ni Simba. Ila alikwenda kwenye krosova, akavuta chuma kwa mkono wake mwenyewe, akaufungua mlango wa nyuma upande wa kivuli, akasimama ameushika mpaka Bi Mkubwa afike. Kisasamba hilo lilihesabiwa kuwa zaidi ya radhi.

Bi Mkubwa alifika, akageuka, akaketi. Basi, alikwishaingia. Kiti kilikuwa usawa wa kiuno chake kama ukingo wa kitanda, hapakuwa na kushuka wala kupanda, na paa lilikuwa mbali na kichwa chake.

"Magoti hayajajua kama nimeketi," alisema kwa mshangao. "Msiyaambie."

Kijino, Kipara na Machicha wakapanga mstari kando yake, miguu ikining'inia bila kugusa kitu. Magodoro yalitolewa yote, likarudishwa moja tu likatandikwa kwenye buti, na hapo Bi Ngiri akaingia kinyumenyume na Kumbuka kifuani. Palikuwa shimo zuri kuliko lake: pana, laini, lenye dirisha.

Mzee Simba alikaa mbele, wima kuliko alivyopenda. "Hiki kiti hakinikumbatii," alinung'unika.

"Hakikuumbwa kukumbatia, Mzee," alisema Sungura juu ya sufuria yake. "Kimeumbwa kukaliwa. Kobe, kanyaga!"

"Kwanza tuzungumze habari ya asali," alisema Kobe kutoka chini, na safari ikacheleweshwa kidogo.

Walipokuwa tayari, Bi Ngiri alisikia kicheko chembamba kutoka kwenye kupe, akashikwa na huruma. "Tumtoe, Mzee?"

"Mimi nimekwishainuka," alisema Simba. "Desturi inamruhusu kutoka. Kama anaweza." Alishuka, akausukuma mlango wa kupe ukajifunga, akarudi kwenye kiti chake.

Bwana Fisi alitoka alipokonda vya kutosha kupenya dirishani, akaenda Mwandu kwa miguu, njia nzima. Alipofika, wanyama walimwona kwa mbali wakadhani anainama kuokota kitu. Haikuwa hivyo. Mgongo wake ulikuwa umelifuata paa la kupe, juu mbele, chini nyuma, na haujanyooka mpaka leo. Ukimuuliza atakwambia ndio mtindo wa mjini.

Siri za bonde zilimtoka Bi Ngiri moja moja njiani, na walipofika majini alikuwa amezisahau zote, kila mtu akashukuru kimya kimya. Jina moja tu lilibaki. Aliliita asubuhi, akaliita mchana, akaliita hata mtoto akiwa amesimama mbele yake. Na Mzee Simba, kila alipoanza kusema barazani kwamba jambo fulani halimhusu kwa kuwa kiti chake kipo, Bi Mkubwa alimkatiza kutoka kivulini alikonyoosha magoti yake: "Fisi akimla muwele, mzima funga mlango."